MGENI NJOO, MWENYEJI APONE? SOMO KUHUSU WATU NA MAPATO KATIKA KIUNGA CHA KITENGELA



Wale mliohudhuria mjadala wetu wa muhula wa pili mnaikumbuka mada iliyoandikwa ubaoni siku ile: "Kukua kwa miji kumewafaidi wenyeji wa viunga vyake." Mimi nilikuwa msemaji wa pili upande wa watetezi. Nilisimama nikatoa mfano wa Kitengela, mahali ninapoishi. Nilisema kwamba zamani pale palikuwa na nyasi na ng'ombe, na leo pana magorofa, mabenki, maduka makubwa na shule kila kona. Nikaongeza kuwa mtu wa kawaida wa Kitengela leo anapata pesa nyingi kuliko mtu wa kawaida wa Kitengela wa miaka ya themanini. Kwa hivyo, wenyeji wamefaidika. Nikafunga kwa methali: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Makofi yakapigwa, nami nikaketi nikijua tumeshinda.

Ndipo akasimama mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, upande wa wapinzani. Akasema polepole, "Bwana Mwenyekiti, msemaji atuambie jambo moja tu. Huyo mtu wa kawaida wa leo na yule wa miaka ya themanini, ni mtu yule yule? Maana babu yangu yuko palepale. Waliobadilika ni majirani."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mimi nilifungua kinywa, jibu likakosekana. Tukashindwa, tena kwa kura nyingi.

Baadaye mwalimu mlezi wa chama aliniita akaniambia, "Hukushindwa kwa ufasaha. Umeshindwa na swali. Nenda ukalitafutie jibu, kisha ulete makala." Basi makala haya ndiyo jibu langu. Nimeyaandika kama somo ili kila mmoja wetu aweze kulitumia kwao nyumbani, iwe ni Ruiru, Ongata Rongai, Mtwapa au kwingineko.

MANENO TUTAKAYOYATUMIA

Kabla ya kuingia ndani ya somo, tuelewane juu ya maneno matano.

Kiunga ni sehemu iliyo pembezoni mwa mji mkubwa. Wakaazi wake wengi hulala hapo, lakini riziki yao wanaitafuta mjini au katika viwanda vya karibu.

Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Mtu aliyepanga chumba peke yake ni kaya, na boma lenye watu kumi wanaokula pamoja ni kaya vilevile.

Sensa ni hesabu ya watu wote nchini. Tangu uhuru, Kenya imehesabu watu wake mwaka 1969, 1979, 1989, 1999, 2009 na 2019.

Mapato ni yote mtu anayopata ya kumwezesha kuishi. Hapa wengi wetu hukosea, kwa kudhani kuwa mapato ni mshahara tu. Mfugaji anayekamua ng'ombe wake na kuwanywesha watoto maziwa ana mapato, ijapokuwa hakuna shilingi iliyobadilisha mikono. Akimuuza ng'ombe huyo kisha akaajiriwa kuwa bawabu, shilingi zake zitaongezeka. Lakini sasa maziwa yale yale itambidi ayanunue dukani, kwa pakiti. Shilingi zimeongezeka, na gilasi ya maziwa ni ile ile.

Wastani ni jumla ya vitu vyote ikigawanywa kwa idadi ya wenye navyo. Neno hili ndilo lililoniangusha mimi katika mjadala, kwa hivyo tutalirudia.

KITENGELA ILIVYOKUWA

Kitengela iko katika Kaunti ya Kajiado, kama kilomita 30 kusini-mashariki mwa katikati ya jiji la Nairobi, kando ya barabara ya kwenda Namanga. Wazee bado huliita soko la zamani Noonkopir. Upande wa kaskazini, ng'ambo ya Mto Mbagathi, kuna Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, iliyotangazwa mwaka 1946. Mbuga hiyo ina ukubwa wa kilomita mraba 117 tu. Imewekewa ua pande zote isipokuwa upande wa kusini, kwa sababu nyumbu na punda milia walizoea kuvuka mto na kulisha katika nyanda za Athi-Kaputiei pamoja na mifugo ya Wamaasai.

Mwaka 1968 Bunge lilipitisha sheria ya ranchi za vikundi. Chini ya sheria hiyo wafugaji waliandikishwa kama kikundi, wakapewa hati moja ya ardhi kwa pamoja. Ranchi ya Kitengela ilikuwa na kiasi cha hekta 18,000 na wanachama zaidi ya 200. Walioandikishwa aghalabu walikuwa wanaume wenye maboma. Akina mama na vijana hawakuwa na majina yao katika daftari. Kumbuka jambo hili, maana litarudi.

Mwaka 1988 ranchi hiyo iligawanywa, kila mwanachama akapewa kipande chake na hati yake. Wengi waliutaka mgawanyo huo, kwani kila mtu aliogopa kuamka siku moja akute ardhi ya pamoja imechukuliwa na wenye nguvu. Wengine walitaka hati ili wakope benki. Mgawanyo uliwapa usalama, ndiyo. Lakini pia uliwapa kitu ambacho hawakuwa nacho kabla: uwezo wa mtu mmoja kuuza.

KILICHOWALETA WAGENI

Watu hawahami bila sababu. Kwa Kitengela mimi naona sababu tatu kubwa.

Ya kwanza ni kazi. Jirani yake, Athi River, ulikuwa na viwanda vya saruji kwa miaka mingi. Kisha mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya maeneo maalumu ya viwanda vya kuuza bidhaa nje, na eneo kubwa likatengwa Athi River. Mwaka 2000 Marekani ilifungua soko lake kwa nguo kutoka Afrika bila ushuru, na viwanda vya nguo vikaajiri maelfu ya vijana, wengi wao wasichana. Vijana hao walihitaji vyumba vya kupanga, na Kitengela ilikuwa karibu.

Ya pili ni nyumba. Nairobi ilikuwa na watu 509,286 mwaka 1969. Mwaka 2019 ilikuwa na watu 4,397,073. Jiji likijaa namna hiyo kodi hupanda, na mwalimu, karani au muuguzi akaanza kuuliza, "Ploti ziko wapi ninazoweza kumudu?" Kitengela ikajibu. Waliokuja hawakununua ranchi; walinunua "hamsini kwa mia", yaani futi 50 kwa futi 100. Ekari moja ina futi mraba 43,560. Ukitoa njia, utapata ploti nane hivi. Kampuni na vyama vya akiba vilinunua ekari kwa makumi, vikazikata, vikauza ploti moja moja.

Ya tatu ni barabara. Matatu za Kitengela huondoka kabla ya jua kuchomoza na kurudi usiku. Mtu akiweza kulala huku na kufanya kazi kule, kiunga kimezaliwa.

SENSA YASEMAJE?

Sasa tuje kwenye hesabu. Msiogope, ni kugawanya na kuzidisha tu. Idadi ya watu wa Kajiado, iliyokuwa wilaya na sasa ni kaunti, imekuwa hivi:

1969: 85,903
1979: 149,005
1989: 258,659
1999: 406,054
2009: 687,312
2019: 1,117,840

Katika miaka 50 Kajiado imeongezeka mara 13. Je, hiyo ni kwa sababu watu wa Kajiado wanazaa sana? Kujibu, tutazame nchi nzima. Kenya ilikuwa na watu milioni 10.9 mwaka 1969, na milioni 47.6 mwaka 2019. Hiyo ni kuongezeka mara 4.35 hivi.

Idadi ya watu wa mahali hubadilika kwa njia nne tu: kuzaliwa, kufa, kuhamia na kuhama. Hakuna ya tano. Tuseme Kajiado ingeongezeka kwa kasi ile ile ya nchi nzima. Chukua 85,903 uzidishe kwa 4.35. Utapata watu kama 373,000. Lakini waliohesabiwa walikuwa 1,117,840. Tofauti ni watu 744,000 hivi. Hao ni wale waliohamia, pamoja na watoto waliowazaa huko. Makadirio haya si ya kupimwa kwa mizani ya dhahabu, maana uzazi haulingani kila mahali, lakini yatosha kutuonyesha picha: kwa kila watu watatu wa Kajiado mwaka 2019, karibu wawili wasingekuwapo kama si uhamiaji.

Na hawa wawili wako wapi? Hawakutawanyika sawasawa. Mwaka 2019 mji wa Ongata Rongai ulikuwa na watu 172,569, Kitengela 154,436 na Ngong 102,323. Jumlisha uone: miji hiyo mitatu, iliyo mlangoni mwa Nairobi, ilibeba zaidi ya theluthi moja ya watu wa kaunti nzima. Mbali huko kusini, nyanda bado ni za mifugo.

Tazama pia ukubwa wa kaya. Mwaka 2019 kaya ya Kenya ilikuwa na wastani wa watu 3.9, na ya Kajiado watu 3.5. Kaya zikiwa ndogo, mara nyingi maana yake ni vijana wanaopanga vyumba, na wazazi wenye mtoto mmoja au wawili. Boma la babu wa yule mwanafunzi lina watu kumi na mmoja. Kwa hivyo hata umbo la familia limebadilika, na si idadi peke yake.

HESABU ILIYONIANGUSHA

Hapa ndipo kiini cha somo. Nawaomba mchukue kalamu na karatasi. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, nimezitunga ili hesabu iwe rahisi.

Tuseme kijiji kina kaya 10 za wafugaji. Kila kaya hupata shilingi 10,000 kwa mwezi. Jumla ni 100,000. Gawanya kwa 10: wastani ni 10,000.

Sasa zije kaya 10 za wageni wenye mishahara, kila moja ikipata 50,000. Jumla ya wageni ni 500,000. Jumla ya wote ni 600,000. Gawanya kwa 20: wastani ni 30,000.

Lo! Wastani umepanda mara tatu. Gazeti litaandika kwamba mapato ya kijiji yamepanda mara tatu. Msemaji wa pili wa upande wa watetezi atapigiwa makofi. Lakini hebu mtafute mtu aliyepanda. Mfugaji alikuwa na 10,000 na bado ana 10,000. Mgeni alikuja na 50,000 zake kutoka Nairobi. Hakuna aliyeongezewa hata senti moja. Na tena, katika kijiji hicho hakuna hata kaya moja inayopata 30,000! Huyo "mtu wa kawaida" niliyemsifu mbele yenu hayuko.

Twende hatua ya pili. Tuseme kaya nne za wafugaji zimeuza malisho yao, mifugo ikapungua, na mapato yao yakashuka hadi 6,000 kila moja. Wenyeji sasa wana 60,000 ya kaya sita na 24,000 ya kaya nne, jumla 84,000. Ongeza 500,000 za wageni: 584,000. Gawanya kwa 20: wastani ni 29,200. Kaya nne zimeumia vibaya, na wastani umetikisika kidogo tu.

Hatua ya tatu ndiyo iliyonifanya niweke kalamu chini. Tuseme zile kaya nne zimeamua kuhama, zikatafute malisho mbali. Zimebaki kaya sita zenye 60,000 na wageni wenye 500,000. Jumla ni 560,000. Kaya ni 16. Wastani ni 35,000!

Mmeona? Maskini wanne wameondoka na kijiji "kimetajirika". Umaskini haukuisha, umehama. Ukihesabu mahali, utafurahi. Ukiwafuata watu, utajua ukweli.

NILIVYOMTEMBELEA BABU

Nisingetaka kuishia kwenye hesabu. Likizo ilipofika nilimwomba yule mwanafunzi wa kidato cha pili anipeleke kwao. Alicheka, akakubali. Tulipofika nilimwinamishia babu yake kichwa naye akanigusa utosini, kama ilivyo desturi kwao kati ya mtoto na mzee. Kisha akatuambia tuketi.

Nilimuuliza, "Babu, uliuza ardhi kwa nini?"

Akanitazama. "Kwani unadhani niliuza siku moja? Ardhi haiuzwi siku moja. Niliuza ekari chache kwa karo ya shangazi yake huyu. Nikauza nyingine ukame wa mwaka 2000, ng'ombe walipokwisha. Nikauza nyingine nyanya yake alipolazwa. Na ule ukame wa 2009 ukaja ukachukua ng'ombe niliowanunua kwa pesa ya ardhi. Ng'ombe ukimuuza, aliyebaki atazaa. Ardhi haizai nyingine."

Nikamuuliza kama anajuta. Akafikiri sana. "Shangazi yake leo ni mwalimu. Zahanati, siku hizi ninaifikia kwa miguu, zamani tulibeba mgonjwa. Nina vyumba sita vya kupangisha. Mimi sikuanguka. Ndugu yangu ndiye aliyeanguka. Aliuza zote mara moja, akanunua gari, gari likafa. Alihamia ndani kabisa, mbali na barabara. Siku hizi mtu akisema Kitengela, yeye hatajwi."

Nilishtuka. Huyo ndugu ndiye kaya ya nne katika hesabu yangu, yule ambaye kuondoka kwake hupandisha wastani.

Tulipokuwa tukirudi barabarani, rafiki yangu alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Babu amebaki na ekari nane. Ana watoto wa kiume watano. Na baba yangu ana wanne. Wewe umesoma hesabu, niambie mimi nitajenga wapi." Nilifanya hesabu hiyo kichwani. Sikumwambia jibu.

UPANDE WA MGENI

Haki itendeke pande zote. Mimi ni mtoto wa mgeni. Baba yangu alinunua hamsini kwa mia yake kwa mkopo wa chama cha akiba na anaulipa hadi leo. Huamka saa kumi alfajiri. Maji tunanunua kwa boza, na ya kisima yana chumvi. Wengi wa wageni ni wapangaji, na kiwanda kikifungwa huhama usiku. Kwa hivyo wale wageni wenye 50,000 katika mfano wangu nao ni wastani, na wastani, kama tulivyoona, huficha mengi. Kuna mgeni mwenye jumba lenye ukuta na kuna mgeni anayelala watu wanne chumba kimoja.

Tena mgeni hajaja mikono mitupu. Ameleta soko la maziwa na nyama, ameleta wapangaji, ameleta watoto wa kujaza madarasa hata walimu wakaongezwa. Mwenyeji aliyebaki na kipande karibu na barabara, akajenga vyumba, amepona kweli. Aliyeuza mapema na kwa bei ya chini hakupona, kwa maana thamani iliyopanda baadaye ilimwangukia aliyenunua. Tofauti kati ya wawili hao haikuwa bidii. Mara nyingi ilikuwa ni ukame, ugonjwa na karo, yaani ni nani aliyelazimika kuuza kwanza.

Hata wanyama wa porini wamo katika hesabu hii. Kila ploti ina ua, na kila ua huziba njia ya nyumbu. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela kama dola 4 za Marekani kwa ekari kwa mwaka ili wasijenge ua, wasilime wala wasiuze vipande. Pesa ziligawanywa mara tatu kwa mwaka, wakati shule zinapofunguliwa. Aliyeupanga hivyo alielewa jambo: karo ndiyo iliyokuwa ikiuza ardhi. Mwenye ekari 100 alipata dola 400 kwa mwaka, na ardhi ikabaki yake. Lakini bei ya ploti ilizidi kupanda, na dola 4 hazikuweza kushindana nayo kila mahali.

Na je, wale ambao hawakuwa katika daftari? Nilisema tutarudi kwao. Hati zilipotolewa mwaka 1988 zilitolewa kwa walioandikishwa. Mama wa boma angeweza kusikia kuwa malisho yameuzwa siku anapoona vigingi. Sheria za ardhi za mwaka 2012 zilikuja kudai idhini ya mke au mume kabla ya kuuza ardhi ya familia. Ni jambo jema, ila kwa maboma mengi ya Kitengela sheria hiyo ilifika baada ya mnunuzi.

MASWALI MANNE YA KUTEMBEA NAYO

Kutokana na uchunguzi huu nimejifunza kwamba mtu akikuambia "mahali fulani pametajirika", usikubali wala usikatae. Muulize kwanza:

1. Ni watu wale wale? Au waliohesabiwa mwanzo si hawa waliohesabiwa mwisho?

2. Wastani huo ni wa nani? Kuna mtu yeyote halisi anayepata kiasi hicho?

3. Waliohama wako wapi sasa, na hali yao ikoje? Nani anawahesabu?

4. Kilichoongezeka ni mapato, au ni mali iliyogeuzwa kuwa pesa? Aliyeuza ardhi ana shilingi nyingi mwaka huo, lakini hayo si mapato, amekula mbegu.

HITIMISHO

Kwa hivyo, rafiki yangu wa kidato cha pili, jibu la swali lako ni hili: la, si mtu yule yule. Kitengela imetajirika kwa sehemu kubwa kwa kubadilisha watu, na si kwa kuwainua wote waliokuwapo. Wenyeji wengine wamepona, wengine wameumia, na wengine wameondoka hata hatuwaoni. Methali niliyoitumia si uongo, bali niliitumia kama jibu ilhali ni swali. Mgeni amekuja. Mwenyeji amepona? Hilo haliwezi kujibiwa na wastani. Lazima umtafute mwenyeji, umsalimie, uketi, umwulize.

Nasi watoto wa wageni tuna deni. Ekari iliyo chini ya nyumba yetu ilikuwa karo ya mtoto wa mtu, au dawa ya mgonjwa wake. Hatukuiba, tulinunua. Lakini tusisimame jukwaani kumwambia mwenyeji kwamba amefaidika kabla hatujamwuliza. Mimi nilifanya hivyo, na natubu mbele ya chama kizima.

ZOEZI

1. Taja njia nne zinazobadilisha idadi ya watu wa mahali. Kwa kiunga cha mji, ni ipi iliyo kubwa zaidi? Toa sababu.

2. Kajiado ilikuwa na watu 687,312 mwaka 2009 na 1,117,840 mwaka 2019. Iliongezeka kwa asilimia ngapi? Linganisha na nchi nzima, iliyotoka milioni 38.6 hadi milioni 47.6.

3. Kaya tano hupata shilingi 8,000 kila moja. Zikaja kaya mbili zenye 60,000 kila moja, kisha kaya tatu za mwanzo zikahama. Tafuta wastani katika kila hatua, ueleze ni nani aliyetajirika.

4. Muulize mzee mmoja wa kwenu: majirani wake wa utotoni wako wapi leo? Andika majibu yake kwa Kiswahili sanifu, aya tatu. Majibu mazuri yatasomwa katika kikao cha kwanza cha chama muhula ujao.